Mfalme Elara: Kati ya Historia na Mighani

Watahiniwa wengi wakitakiwa kutofautisha mighani na tarihi huandika kwamba tarihi ni ukweli ilhali mighani ni uongo. Jibu hilo halitoshi. Katika makala haya tutamchunguza Elara, mfalme wa kale wa Kitamili, ili tuone jinsi historia na mighani zinavyoingiliana.

Tuanze na historia. Elara, ambaye Watamili humwita Ellalan, alitoka nchi ya Wachola kusini mwa Bara Hindi, akavuka bahari na kuutwaa mji wa Anuradhapura katika kisiwa kinachoitwa leo Sri Lanka. Alitawala miaka 44, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa 205 hadi 161 K.K. Hatimaye aliuawa vitani na Dutugamunu, mfalme wa Kisinhala. Chanzo kikuu cha habari hizi ni Mahavamsa, utungo wa kishairi katika lugha ya Kipali, uliotungwa na watawa wa Kibudha mnamo karne ya 5 au 6 B.K. Zingatia kwamba kati ya mfalme na mtunzi pana zaidi ya miaka 600.

Sasa tutazame mighani. Inasimuliwa kuwa Elara alitundika kengele kando ya kitanda chake na kuifunga kamba ndefu, ili yeyote aliyedhulumiwa aivute. Siku moja mwanawe alimkanyaga ndama kwa gari lake la farasi, ndama akafa. Ng'ombe mama akaja, akaivuta kamba. Mfalme akaamuru mwanawe auawe kwa gurudumu lilo hilo. Siku nyingine, gari la mfalme mwenyewe liligonga jengo takatifu la Wabudha, mawe 15 yakang'oka. Akataka akatwe kichwa. Mawaziri walipomtuliza, alitoa sarafu 15,000 ili jengo likarabatiwe.

Hapa sifa za mighani zi wazi: jagina mwenye maadili makuu, chuku, na mnyama anayedai haki kama binadamu. Aidha, kisa hiki husafiri. Huko Thiruvarur, India, kisa cha ng'ombe na kengele husimuliwa kumhusu Manu Needhi Cholan. Katika Periya Puranam, utungo wa karne ya 12, mungu Shiva huwafufua ndama na mwana wa mfalme. Fanani hubadilisha kisa kulingana na imani ya hadhira yake.

Jiulize basi: kwa nini watawa wa upande ulioshinda walimsifu adui ambaye hakuwa hata wa dini yao? Huenda ni kwa sababu kumshinda mtu mwema humkweza mshindi. Mahavamsa yasema Dutugamunu alimfanyia Elara mazishi ya heshima, na kwamba wakuu wa kisiwa hicho walizinyamazisha ngoma walipokaribia kaburi lake.

Heshima hiyo haikudumu katika siasa za baadaye. Mwaka wa 1962 jeshi la Sri Lanka liliunda kikosi cha Gemunu Watch, chenye jina la Dutugamunu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1983 hadi 2009, wapiganaji wa Kitamili waliita shambulizi lao la 2007 dhidi ya kambi ya ndege ya Anuradhapura kwa jina la Ellalan. Kila upande ulichukua upanga, ukaiacha kengele.

Mwalimu mwenzangu, wahimize wanafunzi wasiishie kutaja sifa. Wawapo na mighani yoyote, iwe ya Elara au ya Fumo Liyongo, waulize: nani anasimulia? Anamsimulia nani? Ameacha nini? Mighani inaweza kuwa na chuku, lakini hutufichulia kile ambacho jamii inakiona kuwa haki.

Zoezi
1. Eleza sifa tatu za mighani zinazojitokeza katika kisa cha Elara. (alama 6)
2. "Msimulizi hutunga jagina anayemhitaji." Jadili kwa kurejelea mighani mbili. (alama 14)