Pakiti ya Maziwa kwa Kilo Tatu za Majani

Pakiti ya maziwa ya nusu lita huuzwa kama shilingi 60 katika duka la Kimulot. Kwenye supa kubwa za Uingereza, iwe Tesco, Asda au Aldi, chupa ya painti nne, yaani lita mbili na robo hivi, imekuwa ikiuzwa kwa takriban pauni moja na nusu. Pauni ikiwa shilingi 170, hiyo ni shilingi 255, ambayo ukiigawanya unapata kama shilingi 112 kwa lita. Lita yetu ya pakiti ni shilingi 120. Nasi tunaishi Bomet, nchi ya ng'ombe wa maziwa na mursik.

Tumezoea kuambiana kwamba ng'ambo kila kitu ni ghali. Lakini mwenye mpwa muuguzi kule Uingereza, akitumiwa picha ya risiti kwa simu, atashangaa. Mkate wa bei ya chini wa gramu 800 huko ni kama senti 75 za pauni, karibu shilingi 128. Huku mkate wa gramu 400 ni shilingi 65 hivi, kwa hivyo miwili ni 130. Mafuta ya kupikia lita moja hupishana kidogo sana. Sukari huku ni nafuu kiasi, na bado si kwa pengo ambalo mtu angetarajia kati ya kijiji cha majani chai na nchi tajiri.

Shilingi na pauni hazituonyeshi ukweli wote, kwa hiyo nitatumia kipimo ambacho kila nyumba ya Kimulot inakijua, kilo ya majani mabichi. Mkulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hulipwa shilingi ishirini na kitu kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya Oktoba, ambayo mwaka 2025 iliwaudhi sana wakulima wa upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa. Tuchukue shilingi 20 ili hesabu iwe nyepesi. Pakiti moja ya maziwa ni kilo tatu za majani. Mkate ni kilo tatu na zaidi. Sasa tazama pakiti ya chai yenyewe. Nusu kilo ya majani makavu kwa bei ya kama shilingi 300 ni kilo 15 za majani mabichi, ilhali kiwandani hiyo nusu kilo ilitengenezwa kwa kilo mbili na robo hivi. Hata ukiongeza bonasi, mkulima anauza majani ya pakiti kadhaa ili anunue pakiti moja. Sehemu kubwa ya chai yetu hupitia mnada wa Mombasa ikiwa kwenye magunia ya jumla, kwa bei ambayo wastani wake umekuwa ukizunguka dola mbili na kidogo kwa kilo. Kuchanganya, kufunga na kubandika jina hufanywa na wengine kwingineko, na huko ndiko faida kubwa inakobaki. Jambo hili linaniuma kuliko bei nyingine yoyote katika makala haya.

Upande wa pili wa mizani ni mshahara. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa kiwango hicho, saa moja hununua chupa nane za maziwa, lita 18. Mchumaji wa Kimulot anayelipwa, tuseme, shilingi 10 kwa kilo atahitaji kuchuma kilo 216 ili anunue lita hizo 18 za pakiti. Akiweza kilo 40 kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku tano na kikapu mgongoni. Ni kweli kwamba yule wa Uingereza ana kodi ya nyumba na gharama ya kupasha joto vinavyommeza kabla hajafika supa, na jamaa wasisahau hilo wanapompigia simu kuomba. Lakini kwa chakula pekee, yeye ametuacha mbali.

Kuna vitu ambavyo sisi ndio matajiri. Yai moja katika supa ya Uingereza hukaribia shilingi 38, huku trei ya mayai 30 ikikupa yai kwa shilingi 14 au 15. Parachichi moja kule linaweza kufika shilingi 130, na huenda limetoka Kenya. Huku mama mboga atakupa kwa 10 au 20. Mboga zetu za managu na isakiat huzipati kabisa kwenye rafu za Tesco. Muuguzi wetu atazitafuta kwenye duka la Waafrika, zimegandishwa, kwa bei ya nyama. Na maziwa ya jirani, yanayopimwa kwa kikombe langoni asubuhi, ni nafuu kuliko ya pakiti. Anayeishi Kimulot akanunua maziwa ya pakiti kila siku anajitoza kodi ambayo hakuna serikali iliyomtoza.

Basi kanuni inaonekana: kinachotoka shambani moja kwa moja ni rahisi kwetu, na kinachopitia kiwandani tunakilipia kama Waingereza. Mafuta yetu ya kupikia hutegemea mawese yanayoingizwa kwa meli. Mafuta, sukari na sabuni hubeba VAT ya asilimia 16, ilhali Uingereza vyakula vingi vya kawaida havitozwi hata senti. Kisha bidhaa isafirishwe kutoka Mombasa au Nairobi hadi Kericho, Litein, na kupanda huku kwa barabara zetu. Supa za kule pia hushindania maziwa na mkate kiasi cha kuviuza bila faida ili tu mteja aingie mlangoni.

Jambo moja la kule ningependa lije kwetu kesho. Sheria ya Uingereza huilazimu supa kuonyesha, pamoja na bei ya bidhaa nyingi, bei kwa kilo, kwa lita au kwa gramu 100. Mnunuzi analinganisha pakiti kubwa na ndogo kwa kutupa jicho. Huku tunafanya hesabu hiyo wenyewe, na wengi hatuifanyi. Toa simu, ugawanye. Utakuta robo kilo ya sukari kwa shilingi 45 ni sawa na kulipa 180 kwa kilo, wakati pakiti nzima ni 150. Lakini usidhani kidogo ni ghali siku zote. Sabuni ya unga ya pakiti ya shilingi 10 wakati mwingine hukupa gramu nyingi kwa kila shilingi kuliko mfuko mkubwa, na mafuta ya kupima kutoka kwenye mtungi wa lita 20 mara nyingi huishinda chupa yenye nembo. Gawanya kila kitu.

Mwenye duka la kijijini naye asihukumiwe kwa bei peke yake. Ana daftari. Anakupa unga na sukari tarehe 20 na kusubiri pesa ya chai iingie kwenye sako. Akikuongezea shilingi 10 kwenye kilo, hiyo ndiyo riba yake, na ukiilinganisha na mkopo wa simu wa Fuliza unaokutoza ada kila siku hadi ulipe, mara nyingi daftari ni nafuu. Supa haikopeshi mkulima. Kinyume chake, supa kama Nakumatt, iliyofungwa 2020, na Tuskys iliyoanguka baada yake, zilikuwa zikiwakopa wasambazaji wao wenyewe mabilioni.

Je, inafaa kushuka Kericho kununua Naivas? Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 400 na bei ya huko ni nafuu kwa asilimia 10. Lazima ununue vya shilingi 4,000 ndipo urudishe nauli tu. Kwa familia moja ni vigumu. Ninavyoona mimi, mshindani halisi wa Aldi hapa ni holseli ya Litein. Akina mama watano wa chama wakichanga, mmoja wao akateremka na kuleta gunia la sukari la kilo 50, mtungi wa mafuta wa lita 20 na katoni ya sabuni ya mche, nauli inagawanywa kwa tano na bei inakuwa ya jumla. Mzani uwepo siku ya kugawana, na anayesafiri arejeshewe nauli yake yote, la sivyo chama kitavunjika mwezi wa pili.

Nafasi nyingine ya kuokoa ni unga. Bonasi ikiingia Oktoba, mahindi mapya yanaanza kufika sokoni. Gunia la kilo 90 likipatikana kwa shilingi 3,600, kilo mbili ni shilingi 80. Weka za kusaga kwenye mashine na bado hufiki 100, wakati pakiti ya unga ya kilo mbili ni kama 150. Hakikisha mahindi yamekauka kabisa kabla ya kuyaweka, kwa sababu hewa ya Kimulot ina unyevu mwaka mzima na ukungu una sumu, na uyatie kwenye mifuko ile isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyaharibu. Nyumba inayokula pakiti mbili kwa wiki itaokoa zaidi ya shilingi 400 kwa mwezi, yaani kilo 20 na zaidi za majani ambazo hazitatoka tena kikapuni kwa ajili ya ugali.