Kabla ya kubonyeza "Ja": programu mpya kwenye kompyuta yako

Hapa Sweden mambo mengi hupitia kwenye kompyuta na simu: benki, Skatteverket, Försäkringskassan, hata miadi ya daktari kupitia 1177. Kwa hiyo programu mpya ni kama mgeni nyumbani. Mkaribishe, lakini ujue atagusa nini.

Kompyuta ya Windows iliyo katika Kiswidi huuliza hivi: "Vill du tillåta att den här appen gör ändringar på enheten?" Maana yake: je, unairuhusu programu hii ibadilishe mambo kwenye kifaa chako? Ukibonyeza "Ja", umeipa ruhusa kubwa. Kama si wewe uliyeanza kuiweka, bonyeza "Nej".

Programu njema huweka mafaili yake, huweka alama yake kwenye skrini, na hukuachia njia ya kuiondoa ("Avinstallera"). Basi.

Haipaswi, bila kukuuliza:
- kubadilisha ukurasa wa kwanza wa intaneti yako;
- kuleta programu nyingine usiyoiomba;
- kuzima kinga ya virusi;
- kujiwasha yenyewe kila unapowasha kompyuta.

Hata kampuni kubwa zimewahi kufanya hivyo. Kwa miaka kadhaa, hadi 2015, aliyeweka Java kwenye Windows aliletewa pia upau wa kutafutia wa Ask, na alama ya kukubali ilikuwa imeshawekwa tayari. Aliyebonyeza "Nästa" (endelea) haraka haraka aliupata bila kujua. Ukiona neno "Anpassad", lichague: hapo utaona kila kitu kinachowekwa, na utaondoa alama usizozitaka.

La hatari zaidi ni mtu anayekupigia simu akisema anatoka benki au polisi, kisha anakuomba uweke programu kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizo zina kazi halali, lakini zinampa mtu wa mbali uwezo wa kuona skrini yako na kuiendesha. Akikuambia pia ufungue BankID, akiba yako inaweza kwisha kwa dakika chache. Kata simu. Benki haiombi hivyo.

Kama umeshakubali, zima intaneti, pigia benki yako mara moja wafunge BankID na kadi, kisha piga polisi 114 14. Usione aibu, kuchelewa ndiko kunakopoteza pesa.