Kusasisha Programu Dhibiti: Istilahi, Vitenzi na Lugha ya Maonyo

Maelekezo mengi ya kompyuta huvumilia tafsiri dhaifu. Msomaji akielekezwa vibaya kuhusu ukubwa wa herufi au rangi ya ukurasa, atajaribu tena, na hakuna kitakachoharibika. Maelekezo ya kusasisha programu dhibiti hayana uvumilivu huo. Kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya chaweza kumfanya mtumiaji azime kompyuta katika dakika ambayo haipaswi kuzimwa, nayo isiwake tena. Hatari huongezeka kompyuta mpakato inapokuwa ya zamani: betri imechoka, dhamana imekwisha, na mara nyingi mwenyewe hana nyingine ya kutumia.

Makala haya yanafafanua istilahi zinazohitajika katika kazi hiyo, yanatofautisha vitenzi vinavyochanganywa mara kwa mara, na yanaonyesha jinsi mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unavyoweza kumlinda msomaji au kumponza.

Programu dhibiti ni nini

Kompyuta huelezwa kwa kawaida kuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maunzi, yaani vitu vinavyoshikika kama vile kibodi, skrini na diski. Neno hili linahusiana na kitenzi unda, kwa badiliko lile lile la sauti linalotoa ulinzi katika linda na mapenzi katika penda. Sehemu ya pili ni programu, yaani maagizo yanayoyaendesha maunzi hayo.

Programu dhibiti inakaa kati ya hizo mbili. Ni programu, kwa sababu ni maagizo yaliyoandikwa. Lakini imehifadhiwa ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mkuu wa saketi, si katika diski. Neno la Kiingereza firmware linahusishwa na Ascher Opler, aliyelitumia mwaka 1967 katika jarida la Datamation. Sehemu yake ya kwanza hudokeza uthabiti: si ngumu kama maunzi, wala si nyepesi kubadilika kama programu za kawaida. Istilahi ya Kiswahili imefuata njia nyingine. Haielezi ugumu wala ulaini wa kitu, bali kazi yake, yaani kudhibiti kifaa. Kwa hiyo mtafsiri hana sababu ya kutafuta kivumishi cha “imara” au “thabiti”. Maana tayari imebebwa na neno dhibiti.

Katika kompyuta mpakato, programu dhibiti iliyo muhimu kuliko zote ni ile inayoanza kazi mara tu kitufe cha kuwasha kinapobonyezwa. Hukagua kumbukumbu na vifaa vya msingi, hutafuta diski, kisha huukabidhi mfumo endeshi uongozi wa kompyuta. Kwa miaka mingi programu hiyo imejulikana kwa kifupi cha BIOS, kilichoenea pamoja na kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981. Mrithi wake ni UEFI. Vifupi hivi viwili havitafsiriwi, kwa kuwa ndivyo mtumiaji atakavyovikuta kwenye skrini yake na katika ukurasa wa mtengenezaji.

Hapo awali chipu hizo zilikuwa za kusomwa tu, na kubadilisha programu dhibiti kulimaanisha kung’oa chipu na kuweka nyingine. Baadaye zikaja chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya kwa umeme zikiwa mahali pake. Maendeleo hayo ndiyo yaliyowezesha usasishaji, na ndiyo pia yaliyoleta hatari yake: kinachoweza kufutwa kwa makusudi chaweza pia kufutwa kwa bahati mbaya. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya kompyuta vilivyoitwa CIH viliharibu BIOS katika baadhi ya kompyuta vilizoziingia. Kompyuta hizo hazikuweza hata kuanza, na kusakinisha upya mfumo endeshi hakukusaidia, kwa sababu kilichopotea ni kile kinachotangulia mfumo endeshi.

Vitenzi vitano visivyobadilishana nafasi

Sasisha. Kitenzi hiki kimeundwa kwa kielezi sasa na kiambishi cha kusababisha, kwa utaratibu ule ule uliotoa harakisha na rahisisha. Maana yake ni kukifanya kitu kiende na wakati uliopo. Hiki ndicho kitenzi kinachofaa kwa update: kuondoa toleo la zamani la programu dhibiti na kuweka jipya la programu hiyo hiyo. Nomino zake ni mbili na zina kazi tofauti. Usasishaji ni tendo lenyewe linapoendelea. Sasisho, au masasisho kwa wingi, ni kile kinachopakuliwa na kuwekwa. Ni sahihi kuandika “Pakua sasisho” na “Usasishaji unaendelea”. Si sahihi kuandika “Pakua usasishaji”.

Boresha. Asili yake ni bora, na irabu o ya mzizi ndiyo inayoleta -esha badala ya -isha. Kitenzi hiki kinatoa ahadi, kwamba kitu kitakuwa kizuri kuliko kilivyokuwa. Ndipo linapozuka tatizo. Watu wengi husasisha programu dhibiti ili kuziba upenyo wa kiusalama, si ili kuongeza kasi. Udhaifu wa vichakato uliotangazwa Januari 2018 kwa majina ya Meltdown na Spectre ulihitaji marekebisho ambayo kwa sehemu yaliwafikia watumiaji kupitia masasisho ya BIOS, na baadhi ya marekebisho ya wakati ule yaliweza kupunguza kasi ya kompyuta za zamani. Mtumiaji aliyeambiwa “Boresha kompyuta yako” angehisi kwamba amedanganywa. Yule aliyeambiwa “Sasisha programu dhibiti” hakuahidiwa kisichokuwepo.

Suala hilo limezidi uzito tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji UEFI na sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na pia ina orodha ya vichakato inavyovikubali. Kusasisha programu dhibiti hakugeuzi kichakato cha zamani kuwa kipya. Tafsiri inayotumia boresha kwa kila jambo humfanya mwenye kompyuta ya zamani aingie katika kazi yenye hatari akitumaini matokeo yasiyoweza kupatikana.

Sakinisha. Kitenzi hiki kinatokana na sakini, yaani kukaa au kuishi mahali. Kusakinisha ni kukipa kitu makao. Programu mpya husakinishwa, mfumo endeshi husakinishwa, na sasisho pia husakinishwa. Katika mazungumzo, hasa kwa mafundi, kusakinisha upya mfumo endeshi huitwa “kupiga window”. Maneno haya mawili hayana budi kutenganishwa na usasishaji wa programu dhibiti, kwa kuwa “kupiga window” hugusa diski na huiacha chipu jinsi ilivyokuwa.

Weka upya. Fungu hili hutumika kwa kurudisha mipangilio ya awali. Katika kompyuta nyingi za zamani, kuondoa betri ndogo ya saa kwenye ubao mkuu hufuta tarehe na mipangilio, lakini hakufuti programu dhibiti wala hakurudishi toleo lake la awali. Kwa hiyo “kurejesha mipangilio ya awali” na “kurejesha toleo la awali” ni kazi mbili tofauti. Mtafsiri anayeandika “kurejesha ya awali” bila kutaja nomino humwachia msomaji abahatishe.

Huisha. Maana yake ya msingi ni kutia uhai au kufufua. Baadhi ya waandishi hukitumia badala ya sasisha, na katika habari au orodha ya majina hakina madhara. Katika muktadha huu ni vyema kukiepuka, kwa kuwa kompyuta iliyoharibika programu dhibiti nayo huhitaji kufufuliwa, na msomaji anaweza kudhani kuwa maelekezo yanahusu kompyuta isiyowaka.

Nani anazima, na nani anawasha?

Kosa lenye madhara makubwa kuliko yote halitokani na istilahi bali na sarufi. Kitenzi cha Kiingereza restart hutumika bila kubadilika umbo, iwe mtumiaji ndiye anayetenda au kompyuta yenyewe. Kwenye vitufe, tafsiri iliyozoeleka ni “Zima na uwashe”, nayo inafaa, kwa sababu kitufe hubonyezwa na mtu. Lakini maelezo ya programu dhibiti mara nyingi husema kwamba kompyuta itajizima na kujiwasha mara kadhaa wakati kazi inaendelea. Mtafsiri akichukua neno la kwenye kitufe na kuliweka hapo, hupatikana sentensi hii:

Si sahihi: “Wakati wa usasishaji, zima na uwashe kompyuta mara kadhaa.”

Sahihi: “Wakati wa usasishaji, kompyuta itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Usibonyeze kitufe chochote.”

Sentensi ya kwanza imegeuza maelezo kuwa amri. Msomaji mtiifu atashika kitufe na kukata umeme huku chipu ikiwa imefutwa nusu na kuandikwa nusu. Sentensi yenyewe haina kosa la kisarufi linaloonekana, na kwa hiyo mhariri asiyelinganisha na matini chanzi anaweza kuipitisha.

Kiswahili kina uwezo wa kutofautisha jambo hili kwa usahihi kuliko Kiingereza, mradi viambishi vitumike inavyostahili. Zima huonyesha kwamba mtu anatenda. Zimwa huonyesha kwamba kompyuta inatendwa. Zimika hueleza hali iliyotokea bila kutaja mtendaji, kama umeme unapokatika. Jizima, kwa kirejeshi ji-, hueleza kwamba kompyuta inafanya hivyo kwa mpango wake yenyewe. Kwa sababu hiyo “kompyuta ikizimika” hudokeza ajali, ilhali “kompyuta ikijizima” hudokeza hatua ya kawaida. Umbo “kompyuta ikizima”, linalosikika sana katika mazungumzo kama vile “simu imezima”, lina utata na halifai katika onyo.

Kiunganishi nacho kinahitaji uangalifu. Programu nyingi za kusasishia BIOS hukataa kuanza ikiwa chaja haijachomekwa au betri ina chaji kidogo. Masharti hayo ni mawili kwa pamoja: chaja iwe imechomekwa na betri iwe na chaji. Tafsiri yenye au inampa ruhusa mtu wa mahali penye umeme wa kukatikakatika kutegemea chaja pekee, hali betri yake iliyochoka haitaweza kuishikilia kompyuta hata kwa dakika moja.

Mwisho wa hatari pia utajwe kwa alama inayoonekana. “Subiri kidogo” haina kipimo. Skrini inaweza kuwa nyeusi kwa muda, na mtu asiye na taarifa ataona kwamba kompyuta imekwama. “Subiri hadi ukurasa wa kuingilia uonekane” ni maelekezo yanayoweza kufuatwa.

Mfano wa maelekezo

Matini ifuatayo inaonyesha istilahi na vitenzi hivyo vikitumika pamoja:

1. Andika pembeni namba kamili ya modeli ya kompyuta na toleo la BIOS lililopo.
2. Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje.
3. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wa urejeshaji mahali salama, kisha sitisha ulinzi huo kwa muda.
4. Pakua sasisho kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hakikisha ni la modeli yako hasa, si la modeli inayofanana nayo.
5. Soma maelezo ya toleo. Baadhi ya kompyuta hutakiwa kupitia toleo la kati kabla ya kuwekewa la mwisho.
6. Chomeka chaja, na uhakikishe betri ina chaji ya kutosha.
7. Onyo: usasishaji ukishaanza, usizime kompyuta, usichomoe chaja, wala usifunge kifuniko. Kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja.
8. Anza usasishaji. Subiri hadi ukurasa wa kuingilia uonekane, kisha hakiki toleo jipya.

Onyo limewekwa kabla ya hatua ya kuanza. Likiwekwa baada yake, atakayelifikia ni yule ambaye tayari amekwisha kuanza.

Tofauti za maeneo

Kompyuta mpakato imezoeleka Tanzania, ilhali matini nyingi za Kenya hutumia tarakilishi na kipakatalishi. Istilahi zote zinakubalika, mradi moja idumishwe katika matini yote. Neno la mitaani kuflashi linahitaji tahadhari zaidi. Kwa mafundi wa simu Tanzania lina maana ya kuandika upya programu ya simu. Kwa Wakenya wengi limemaanisha kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, jambo ambalo Watanzania huliita kubipu. Matini inayokusudiwa kusomwa pande zote mbili za mpaka itumie sasisha.

Kompyuta iliyoharibikiwa namna hii huitwa kwa Kiingereza tofali. Sitiari hiyo haijazoeleka katika Kiswahili, na msomaji akiambiwa kwamba kompyuta “itakuwa tofali” atalazimika kukisia. “Haitawaka tena” inaeleweka na kila mtu, na inatosha kuwa onyo.

Kabla ya kuiwasilisha tafsiri ya aina hii, mtafsiri apitie kila kitenzi na kujiuliza ni nani anayetenda, mtumiaji au kompyuta. Pale jibu lisipopatikana katika sentensi ya Kiswahili peke yake, sentensi hiyo iandikwe upya.