Rangi ya Gari Chini ya Utando

Wakati wa vita vya Vietnam, helikopta za Marekani zilisumbuliwa na mchanga. Kila zilipotua, vumbi lilirushwa juu na kuyala mapanga yake kwenye kingo. Kampuni ya 3M ikatengeneza utepe wa poliurethani, plastiki inayonyumbulika na isiyochanika upesi, wa kubandikwa kwenye kingo hizo. Baadaye utepe ule ukahamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya watu wa kawaida. Leo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaubandika kwa jina la PPF: utando angavu wa kulinda rangi. Muuzaji ataeleza kirefu jinsi unavyozuia kokoto. Hali ya rangi siku utando utakapobanduliwa, miaka saba baadaye, huipitia juujuu.

Rangi ya kiwandani ni nyembamba mno. Tabaka zote, kuanzia kwenye bati, hufikia mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Tabaka la juu, ambalo mafundi huliita klia, lina mikroni 40 au 50 tu, nalo ndilo linalobeba jua. Limechanganywa na kemikali za kufyonza mionzi ya urujuanimno, ambazo huisha pole pole. Zikiisha, klia hupauka, kisha hubabuka, hasa kwenye boneti na paa ambako jua hupiga wima. Utando una unene wa mikroni 150 hadi 200 na vifyonza mionzi vyake, hivyo huchakaa kwa niaba ya klia.

Ulinzi huo una matokeo ambayo wengi hawayatarajii: gari moja huzeeka kwa kasi mbili. Anayebana matumizi hufunika bampa na nusu ya boneti tu. Ukija kuubandua utando, nusu moja inang'aa na nyingine imefifia, mstari kati yake ukionekana waziwazi, zaidi kwenye gari jekundu. Polishi hupunguza tofauti hiyo, lakini kwa kula klia, na klia haioti tena.

Utando wa zamani ulisifika kwa kugeuka njano. Poliurethani za aromatiki zina pete za benzini, ambazo hufyonza mionzi na kuoksidika kuwa kemikali za njano. Utando mzuri wa sasa ni wa alifatiki, usio na pete hizo. Baadhi ya zile za bei poa, hata hivyo, ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali ambazo hutoka taratibu kwenye joto. Hapo plastiki hukakamaa, husinyaa na kupasuka. (Wanaoacha nailoni ya dukani kwenye viti vya gari kwa miaka wanaijua hali hiyo.)

Kwa maoni yangu, hatari halisi iko siku ya kubandua. Gundi ya akriliki huzidi kushika kadiri inavyotambaa ndani ya vijishimo vya klia, huku plastiki iliyo juu yake ikizidi kudhoofika. Ndiyo maana utando uliopitisha muda wake hutoka vipande vipande na kuacha gundi. Ukiutoa mapema, kwa kuupasha joto na kuuvuta taratibu ukiulaza karibu na bati, rangi ya kiwandani kwa kawaida husalimika.

Nimesema ya kiwandani kwa makusudi. Kiwandani bodi huokwa ikiwa bati tupu, kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Gereji haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu nyaya, mipira na plastiki vingeharibika. Huishia nyuzi 60, au huacha rangi ikauke kwa hewa tu, pengine juu ya puti ya kuziba mabonde ya bati. Ukivuta utando, kinachoachia ni kiungo dhaifu kuliko vyote, na kwenye gari lililopulizwa upya kiungo hicho huenda kikawa ni kati ya rangi na puti. Kwa mtu aliyenunua gari lililotumika Japani bila kujua historia yake, kipimo cha unene wa rangi ni muhimu kuliko chapa ya utando: kikisoma mikroni 300 upande mmoja na 120 kwingineko, hapo pana kazi ya fundi. Na rangi mpya ya gereji iachwe wiki kadhaa kabla ya kufunikwa, maana viyeyusho bado vinatoka.

Gundi iliyobaki isifutwe kwa thina, ambayo huweza kuyeyusha rangi ya gereji; spiriti inatosha. Kovu la kokoto lililokwisha kufika kwenye bati pia lirekebishwe kwanza, kwani poliurethani hupitisha mvuke na kutu huendelea chini yake, na Mombasa chumvi huiharakisha. Kabla ya kulipa, muulize fundi anakata utando wapi: kwenye mashine, au kwa wembe juu ya boneti. Mstari wa wembe kwenye klia hauonekani mpaka utando utolewe, na wakati huo dhamana ya kazi yake itakuwa imeisha.