Urithi wa Ushirombo Usipotee

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu asili ya Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Wengi wetu twaujua mji huo kwa barabara tu: malori yatokayo Isaka kwenda Rusumo hupita pale, na abiria husahau mara wapitapo.

Atakayeuliza historia ya Ushirombo hujibiwa upesi kwa mwaka mmoja, 1891. Mwaka huo Mapadre Weupe, wa shirika lililoanzishwa na Lavigerie mwaka 1868, walifungua misheni yao pale, nayo ikawa miongoni mwa misheni kuu za Unyanyembe. Hayo ni kweli, wala hatuyapunguzi.

Lakini twasema kwamba historia ya nchi ile haikuanza siku padre alipotua mzigo wake. Kabla ya hapo Wasumbwa walikuwa wasafiri mashuhuri, waliokwenda kwa miguu mpaka Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mwana mmoja wa Usumbwa, Ngelengwa, atajwaye zaidi kwa jina la Msiri, alibaki huko akajenga dola ya Garenganze, na mji wake mkuu ukawa Bunkeya. Watu wake huitwa Wayeke mpaka leo. Alipotakiwa kuikubali bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikataa, na tarehe 20 Desemba 1891 akapigwa risasi na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, akafa. Ni mwaka ule ule wa misheni!

Hatumsifu Msiri kupita kiasi. Utawala wake ulikuwa mkali, na watumwa nao walikuwa katika biashara yake. Historia ya kweli haifichi aibu. Bali yafaa tujue kwamba biashara yote ile ilikaa mabegani mwa wapagazi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, akatembea miezi mingi, huku wanawake nyumbani wakilima na kulea. Wapagazi hao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa bara kufanya kazi kwa ujira. Mfanyakazi wa leo ni mrithi wao.

Kwa nini basi twakumbuka habari moja na kusahau nyingine? Sababu ni wazi. Mapadre walikuwa na desturi ya kuandika shajara katika kila kituo chao, wapagazi hawakuandika. Habari zao zilikaa vinywani mwa wazee, na kila mzee afapo hupungua.

Hatari hiyo yazidi sasa. Mwaka 2012 Ushirombo ilitoka Mkoa wa Shinyanga ikaingia Mkoa mpya wa Geita, na dhahabu yavuta watu kutoka pande zote. Wageni tunawakaribisha, nao wana haki ya kujua wanakaa katika nchi ya nani.

Kwa hiyo twayaomba matawi ya Chama, walimu na wazee wa Bukombe wakae pamoja, wayaandike majina ya njia za zamani, visima, watemi na safari. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka daftari, kalamu na subira ya kusikiliza. Dhahabu ya ardhini yaweza kungoja, mzee hawezi.