Mmarekani ahamiapo Ujerumani hulazimika kujifunza upya kusafiri

KATIKA sehemu kubwa ya Marekani, gari si anasa bali ni miguu ya mtu. Katika majimbo mengi, kijana huruhusiwa kuendesha gari akiwa na umri wa miaka 16, na maduka, shule na makanisa hujengwa yakizungukwa na maegesho. Mmarekani anapohamia Ujerumani, uhuru huo aliouzoea tangu ujanani ndio humponyoka mapema.

Leseni yake hutambuliwa kwa miezi sita tu tangu aanze kuishi nchini humo. Muda huo ukipita, huhesabiwa kuwa dereva asiye na leseni, hata kama ameendesha gari kwa miaka 20 bila ajali.

Kinachofuata hutegemea alikotoka. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo hutoa yake, na Ujerumani haizitambui zote kwa kiwango kimoja. Mwenye leseni ya Illinois, Pennsylvania au Virginia hubadilishiwa bila mtihani. Wa Florida hutakiwa kufanya mtihani wa nadharia. Wa California au New York hufanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani, sawa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Mitihani hiyo haikuwekwa ili kuwakomoa wageni, kwani kanuni za barabarani zenyewe hutofautiana. Nchini Marekani, kwa kawaida dereva anaweza kukata kulia taa ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na kuhakikisha njia ni salama. Ujerumani, hilo ni kosa isipokuwa pale penye ishara ya mshale wa kijani. Fauka ya hayo, kwenye makutano yasiyo na taa wala ishara, gari litokalo upande wa kulia ndilo hupishwa, hata kama linatoka kwenye barabara ndogo ya mtaani.

Ndiposa wengi huishia kuabiri garimoshi, na huko nako kuna mtego. Abiria wa New York hulipa nauli kwanza ndipo kizuizi kimfungukie. Vituo vya garimoshi vya Berlin au München havina vizuizi vya aina hiyo. Mtu huingia na kutoka bila kuulizwa neno. Mgeni asiyejua huenda akadhani kwamba hakuna anayejali iwapo amelipa.

Ukweli ni kwamba wakaguzi hutokea ghafla, aghalabu wakiwa wamevaa nguo za kiraia. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60, faini iliyopandishwa kutoka euro 40 mwaka wa 2015. Kuna tiketi ambazo ni lazima zigongwe muhuri kwenye kisanduku kidogo kabla ya safari. Aliyenunua tiketi ya aina hiyo akasahau kuigonga huweza kutozwa sawa na asiyelipa kabisa, na kujitetea kwamba ni mgeni aghalabu hakumsaidii. Anayekwepa nauli kwa makusudi anaweza hata kushtakiwa, na sheria inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Mfumo huo huokoa muda wa abiria, lakini huuhamishia wajibu wote kwake. Anayeuelewa hufaidi. Tangu Mei 2023, kuna tiketi ya mwezi inayotumika katika mabasi, tramu na garimoshi za kawaida kote nchini, ila si zile za mwendo wa kasi za masafa marefu. Ilianza kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026.

Maisha ya mtaani nayo yana kanuni zake. Siku ya Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa kuwa katiba yenyewe huilinda siku hiyo kuwa ya mapumziko, kupitia kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya mwaka wa 1919. Mmarekani aliyezoea kununua vyakula wakati wowote hujikuta akikimbilia maduka ya vituo vya petroli au vya garimoshi. Akikata nyasi kwa mashine siku hiyo, jirani huenda akabisha hodi kulalamika.

Jirani huyo pia hataitwa kwa jina lake la kwanza kabla ya kuruhusu. Kijerumani kina neno moja la kumwambia rafiki 'wewe' na jingine la heshima kwa mtu asiyezoeleka. Mmarekani, ambaye kwao hata mkubwa wa kazi huitwa kwa jina la kwanza, huweza kuuona umbali huo kuwa chuki, ilhali ni adabu tu.

Funzo hilo linawahusu Wakenya pia. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Leseni ya Kenya haimo katika orodha ya zile zinazobadilishwa bila mtihani, na mkaguzi wa tiketi hamwulizi abiria alikotoka. Wahenga walinena, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Heri anayejifunza kanuni hizo kabla ya kufunga mizigo kuliko anayefunzwa na faini.