Nyumba ya zamani, waya za zamani

Ndugu mfanyakazi,

Mgodini ukiona kebo iliyochubuka, unafanya nini? Unasimamisha mashine, unamwita fundi wa umeme, na hakuna mtu anayeigusa mpaka fundi amalize. Lakini jioni unarudi nyumbani, unajinyoosha kitandani, na juu ya kichwa chako imepita waya iliyochubuka kuliko ile ya mgodini. Hapo humwiti mtu. Kwa nini?

Leo tunasema na wewe unayekaa na jamaa yako Kimanga, Kalundu au mtaa mwingine wa Uvira, katika nyumba iliyojengwa siku nyingi. Umeme wetu unatoka mto Ruzizi. Kituo cha Ruzizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II kilianza kazi mwaka 1989. Nyumba nyingi za wakati ule zilitiwa waya kwa kazi ndogo: taa moja kila chumba, labda na redio. Leo waya ileile inabeba friji, televisheni, pasi, jiko la umeme na simu za watoto wote.

Tufanye hesabu. Jiko la wati 2000 kwenye volti 220 linavuta ampea 9 hivi. Ongeza pasi ya wati 1000, unakaribia ampea 14. Lakini waya ya taa ya milimita mraba 1.5 kwa kawaida hulindwa na fuzi ya ampea 10. Tena kumbuka: ampea zikizidi mara mbili, joto ndani ya waya linazidi mara nne. Ndiyo maana moto huanzia ukutani au darini, mahali usipopaona.

TAZAMA, NUSA, SIKILIZA

Jumapili hii zunguka nyumba pamoja na mama wa nyumbani. Msifungue kitu chochote. Tafuteni alama hizi:

1. Waya iliyovikwa mpira na kitambaa. Hiyo ni ya zamani sana. Mpira wake hukauka, ukipasuka unadondoka kama unga, na shaba inabaki uchi.
2. Prizi au swichi yenye weusi, yenye joto, au inayotoa harufu ya plastiki inayoungua.
3. Taa zinazofifia kila mara jiko linapowashwa.
4. Mlio kama wa kukaanga mafuta ukutani.
5. Friji au jiko linalokupiga kidogo ukiligusa. Maana yake umeme unavuja na hakuna waya ya ardhi ya kuupeleka chini. Leo limekutetemesha wewe mwenye viatu; kesho litamkuta mtoto mwenye miguu mitupu na maji mikononi.
6. Waya zilizoungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa plastiki, au zilizotafunwa na panya.

Ukiona hata alama moja, zima umeme wa sehemu hiyo, umwite fundi anayejua kazi. Kama umepanga, mwonyeshe mwenye nyumba kwa macho yake. Waya inayotoka kwenye nguzo ni kazi ya SNEL peke yake.

FUZI SI ADUI YAKO

Fuzi ikikatika, wengine huweka waya nene au msumari. Taa zinawaka, watu wanafurahi. Lakini fuzi ile ilikuwa mlinzi. Umemfukuza, na sasa kitakachoungua ni nyumba. Zima swichi kubwa, tafuta kwanza kilichoikata, ndipo uweke fuzi ya kipimo kilekile.

Na umeme ukikatika mtaani, chomoa pasi na jiko. Ukirudi usiku wa manane, utaikuta pasi imelala juu ya nguo, nanyi mmelala.

MAJI YAKIINGIA

Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu wengi hapa Uvira. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda likaingia katika nyumba za ufukoni. Prizi iliyozama hubaki na tope na chumvi ndani hata ukuta ukionekana mkavu. Usiwashe umeme mpaka fundi ameikagua.

Waya ikianguka chini, kaa mbali, hasa penye maji. Tarehe 2 Februari 2022, waya ya umeme mkubwa ilianguka katika soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao mama wachuuzi.

Mtu akishikwa na umeme nyumbani, usimvute kwa mikono. Zima swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame pakavu. Usimmwagie maji. Mkimbize hospitali hata akisema amepona.

KAMA PESA NI CHACHE

Usingoje kubadili nyumba nzima. Anza na jikoni: waya mpya ya milimita mraba 2.5 na fuzi yake ya ampea 16. Halafu waya ya ardhi. Halafu swichi ya miliampea 30, inayokata yenyewe umeme unapovuja.

Mgodini unavaa kofia ngumu ili urudi nyumbani mzima. Basi hakikisha na nyumba unayoirudia ni nzima.